Mkono Ulipiga Ardhi Mara Tatu

Jumatano. Upepo wa kipupwe unavuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye unga. Nimekula ugali wenye mchanga na sikujali.

Daftari, wewe husengenyi, ndiyo maana nakuambia. Shule sikukaa hata siku moja. Herufi nilizipata kwenye mafundisho ya ubatizo nikiwa tayari na watoto wanne, kwa hiyo nikikosea nivumilie.

Mjukuu wangu amenisaliti. Basi, nimeshaliandika.

Jumapili baada ya kanisa vijana walipigana mieleka uwanjani kwangu, pale tunapopuria mtama. Ndivyo tufanyavyo hapa Mkiwa. Mtama ukishapurwa, makapi hubaki mazito kama godoro, na vijana hupimana nguvu kabla hatujayaondoa. Uwanja ni wangu, kwa hiyo sheria nazisimamia mimi. Nakaa juu ya kinu nilichokipindua, fimbo mkononi, na hakuna kinachonipita.

Kabla hawajashikana, mmoja lazima aulize kwa sauti: "Na miguu, au bila miguu?" Wakikubaliana na miguu, mtu anaweza kukunjwa kisigino. Wakisema bila miguu, ni viuno na mabega tu. Na anayepiga ardhi kwa kiganja ameshindwa, unamwachia hapo hapo. Huangalii kwanza kama watu wamekuona umeshinda.

Wasiojua huogopa kukabwa shingo. Shingo ina adabu, hukuonya, macho yakiingia giza unapiga ardhi. Mkono nao huuma kabla haujavunjika. Lakini kisigino kikisokotwa, goti halisemi neno. Linakaa kimya, kimya, halafu limekwisha. Maumivu huja yamechelewa, kama jirani anayefika matangani chakula kimeshaliwa. Ndiyo sababu tunauliza kwanza.

Na aliyemvunja mwenzake, miguu yake ni ya mwenzake mpaka apone. Atamlimia, atamvunia, atamchungia. Kaka yangu alichunga ng'ombe wa watu msimu mzima kwa sababu ya bega moja. Sijawahi kuona mtu akikataa.

Sasa Petro. Huyu ni mtoto wa Yona wangu. Mama yake alifariki mtoto angali mchanga, nikamlea mimi. Amerudi kutoka vita vya Mwingereza na Mjapani huko Bama, na viatu vizito vya jeshi, na tangu arudi hatembei pekupeku hata kwenda chooni. Mieleka nilimfundisha mimi. Usicheke. Nilipokuwa msichana niliwaangusha wanaume ambao leo ni wazee wa kukohoa, na mpaka leo wananisalimia kwa heshima.

Jumamosi nilimwambia, "Petro, huko jeshini mlicheza mlivyocheza. Hapa usiguse mguu wa mtu kabla hajakubali."

"Bibi, mimi tena? Nakuapia."

Nikamwekea paja la kuku.

Jumapili alikutana na Saidi, mtoto wa pekee wa Mwajuma, jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa minyaa. Saidi akauliza kama inavyotakiwa. Petro akajibu watu wote wakasikia: "Bila miguu, bwana, usije ukamlilia mama yako!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Hilo linaniuma.

Saidi akamwangusha. Wakarudia, akamwangusha tena. Wasichana wakapiga vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Kumbe huko Bama mlikuwa mnalala?" Nikauona uso wa Petro ukijifunga. Mara ya tatu walianguka wote wawili. Petro akaacha kiuno, akakamata kisigino, akakitia kwapani.

Saidi akapiga ardhi. Akapiga tena.

Mimi ni mzee, lakini mwewe namwona kabla kuku hawajamwona. Petro aliutazama ule mkono. Aliutazama, ndipo akazungusha kiuno. Goti likalia kama bua kavu la mtama, na kiganja kikapiga ardhi mara ya tatu baada ya ule mlio.

Nilimchapa fimbo ya mgongo. Ya kazi gani tena?

Mzee anayeunga mifupa alikuja akamkanda. Anasema mfupa mzima, kilichokatika ni kamba za ndani ya goti. Mpaka mvua za kwanza Saidi hatasimama vizuri, na huenda atachechemea maisha yake yote. Mwajuma ni mjane. Mtama wake umeshakatwa, umelala shambani, mchwa wanapanda. Mikono ya nyumba ile ilikuwa Saidi.

Jumatatu wazee wakakaa. Petro akasimama na viatu vyake, akasema hakusikia mkono. Halafu akasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Na huko kukunja kisigino sikukuleta mimi. Muulizeni Bibi, ndiye aliyenifundisha."

Wazee wote wakanigeukia.

Ni kweli. Nilimfundisha.

Nikasimama, nikakiri. Nikawaambia nilimfundisha kukamata, na kwa kila kukamata kumoja nilimfundisha kuachia mara mia. Akiwa na miaka saba nilikuwa nalala chali kwenye makapi yale yale, nampa mguu wangu, napiga ardhi, na alikuwa ananiachia kabla kiganja hakijainuka. Mtoto wa miaka saba! Kwa hiyo hakusahau, na hilo ndilo linaloninyima pumzi. Nikawaambia pia kwamba aliuona mkono. Nilimsema mjukuu wangu mbele ya watu, na ningemsema tena.

Wazee wakaamua miguu yake ni ya Saidi. Petro akatikisa kichwa. Amepata kazi kwenye mashamba ya mkonge, treni inapita Itigi Ijumaa, lazima aondoke hapa kesho, Alhamisi, alfajiri. "Bibi, hizo sheria za zamani. Sasa tuko chini ya Mwingereza. Mchezo ni mchezo tu."

Mwajuma hakupiga kelele. Jana aliniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, kama kila Jumanne. Afadhali angenipiga mawe.

Leo mchana Petro alivua viatu akaenda kuoga nyuma ya nyumba. Nikavichukua. Vinanuka kama beberu. Nikavibeba kichwani, nikapita penye tundu la ua, nikaviweka kando ya mkeka wa Saidi.

"Shikamoo, Bibi," akasema, akavitazama. "Umeniletea viwili? Mimi sasa navaa kimoja tu."

Tulicheka, halafu nikalia, halafu yeye akanifuta machozi kwa upande wa shuka lake. Yeye, aliyevunjwa.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Yona, utampoteza mjukuu wako."

"Nilimpoteza Jumapili," nikamjibu. "Sasa namtafuta."

Kesho jua likichomoza nitakuwa shambani kwa Mwajuma na gongo langu la kupuria. Ukamataji ule ulitoka kwangu, kwa hiyo na miguu yangu ni ya Saidi, hata kama imepinda. Hilo halina mjadala.

Ninapoandika haya Petro yuko uwanjani anatafuta. Amepindua kinu, amepindua tenga la kuku, kuku wanamtukana. Sasa hivi ameniita, "Bibi, viatu vyangu viko wapi?"

Nimemjibu bila kuinua kichwa. "Viko kwa Saidi. Nenda ukavichukue."

Ameliweka chini tenga la kuku.

Anaweza kwenda Itigi pekupeku, sisi wengine tumekwenda hivyo miaka yote. Anaweza kupita penye tundu la ua, achukue viatu bila neno, aondoke navyo. Au anaweza kuingia, amtazame Saidi usoni, akae chini. Sikumfungia mlango wowote.

Bado amesimama kwenye makapi. Simtazami. Nasikiliza tu nyayo zitaelekea wapi, na najiuliza kesho nichukue gongo moja au mawili.

Nitachukua mawili.