Sato Wamekimbilia Kwenye Mafunjo

Kyerwa, Jumatatu mchana

Kaka yangu Nolasco,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Prudensia na watoto hamjambo hapo Kayanga. Sisi tunaendelea, kifua cha mama kimepata nafuu, na kahawa tumeanza kuianika. Simu sikupigii, maana nataka uyasome haya mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Ulipoleta makokoro yako ziwani, zile nyavu za kukokota, tulifurahi. Matenga ya samaki yalijaa, lori likaondoka limelemewa. Kisha sato wakaanza kutoka wadogo kama viganja vya watoto, halafu katikati ya ziwa pakawa patupu. Jirani yetu Bigirimana, yule mvuvi wa ndoana, alimweleza msimamizi wako Egbert kwamba waliobaki wamekimbilia kwenye mafunjo, wanakozalia, akamsihi asiwafuate. Egbert alicheka, akapeleka kokoro hukohuko.

Tangu hapo mamba nao wamekosa chakula, wamehamia mwaloni, hapo ufukweni tunapochotea maji. Walianza na mbuzi. Wiki iliyopita binamu yetu Xaveria alikamatwa akichota maji. Tulimvuta tukampata, lakini hospitalini mguu umekatwa. Sasa tunachota kwa ndoo iliyofungwa kwenye ufito mrefu, na bado maji yanatikisika hata pasipo upepo.

Jana, watu wakiwa kanisani, makokoro yako yaliungua yote. Egbert hakuuliza mtu; alimkamata Bigirimana akamfungia kwenye ghala lako. Asubuhi hii nimesikia vijana wake wakisemezana kwamba mto hauulizi mtu kitambulisho, na kwamba watampeleka huko giza likiingia. Nilipompelekea uji, Bigirimana aliniambia dirishani, "Dada, mimi ni mtu wa kuja. Nani ataniamini?"

Kaka, aliyeyachoma ni mimi. Nilitoka kumwona Xaveria, nikachukua mafuta ya taa, nikayamwagia makokoro, nikawasha.

Barua hii nampa dereva wa bodaboda akufikishie sasa hivi. Mimi naenda kwa mtendaji wa kijiji kujitaja. Egbert hatanisikiliza; wewe atakusikiliza. Mpigie afungue mlango, kisha uje mwenyewe. Ghala ni lako, Nolasco. Bigirimana asipoonekana, nitalisema na hilo, kwa jina lako.

Mama anakusalimu sana. Bado hajui lolote. Anasema ukija upite njia ya juu, usishuke ziwani kunawa miguu kama ulivyozoea.

Mdogo wako akupendaye,
Adelgunda