Maji Anayomwaga Simeoni

Jumatatu, 3 Juni 1946

Mzee Lazaro amekubali! Binti yake Dina ni wetu! Nimetupa ungo, nimepiga vigelegele mpaka kuku wa jirani Rahabu wamepanda juu ya paa la tembe. Haya. Sasa nimekaa, naandika vizuri. Habari za mchana, daftari langu. Mimi mzima.

Kuoa kwa mzee wa kanisa siyo mchezo. Lakini nani angemkataa Simeoni wangu? Koplo wa Keya, jeshi la Mwingereza! Amevuka bahari mpaka Bama, amepigana na Wajapani, amerudi na meno yake yote. Anasema Kiingereza mpaka Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alimpa mkono. Hapa Misigiri nani mwingine kapewa mkono? Jumapili linasomwa tangazo la kwanza la ndoa.

Kitu kimoja tu. Tangu arudi, kila alfajiri anakaa nyuma ya nyumba juu ya blanketi la jeshi, miguu kaikunja, macho kafumba. Nilimwuliza, unasali? Akasema, nakaa tu, mama.

Nakaa tu! Mtu hakai tu. Hata mbuzi akikaa anacheua.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimemchungulia. Ni nyumbani kwangu, sijamwibia mtu. Nilijibanza nyuma ya kihenge cha uwele, nikaita: Simeoni, uji!

Hakustuka. Vidole vikaanza kucheza, polepole, kama vya mtoto mchanga. Akashusha pumzi ndefu. Akasugua viganja, akaviweka machoni. Shingo huku, shingo huku. Macho yakafunguka, lakini yanatazama chini. Mtu mzima anaamka vipande vipande! Nilitaka kucheka.

Halafu akachukua kikombe chake cha bati, akamwaga maji chini. Siyo kutupa — tone, tone, tone. Na midomo inacheza. Nikasikia: Mazengo. Alphonce.

Hao ni wenzake waliouawa Bama!

Mimi namjua mtu anayemwaga kitu chini na kutaja wafu. Baba yangu alifanya hivyo kabla hatujabatizwa. Maji na unga, au pombe ya mtama, anawaita babu zake wapokee, walete mvua. Tuliacha hayo. Mkristo akionekana anatambika, anatengwa. Hapati Meza ya Bwana. Na tangazo la ndoa halisomwi!

Mwanangu anatambika. Tena mizimu ya wapi? Kafundishwa na nani?

Jumapili, 9 Juni

Tangazo halikusomwa. Na mimi nimevaa kanga mpya!

Nje ya kanisa Rahabu akaniuliza mbele za watu: Mama Simeoni, koplo wako anamwagilia nini alfajiri? Mbona pale hapaoti kitu? Nikamjibu, anamwagilia macho ya wambea, yaone vizuri. Watu wakacheka. Mzee Lazaro hakucheka. Nilimpa shikamoo, akaipokea akitazama viatu vyake.

Rahabu namjua, ndiye kampelekea Lazaro maneno. Binti yake Esta kila jioni anakuja kuomba moto, na moshi wa kwao nauona. Wanamtaka koplo!

Jumatatu, 10 Juni

Nimefanya jambo baya. Niliwaza: akikatizwa kabla ya kufika kwenye maji, hiyo mizimu itakosa. Nikachukua debe na mwiko, nikamwendea kwa nyuma, nikapiga — bwaa!

Simeoni akaruka, akalala kifudifudi, mikono kichwani, mdomo vumbini. Koplo wangu! Nikamshika kama nilivyomshika alipokuwa na degedege utotoni. Jua lilipanda bado anatetemeka.

Alipotulia akanieleza. Bomu lililowaua Mazengo na Alphonce lilimwacha yeye na mikono isiyoweza kushika kijiko. Hospitalini huko Bama alikuwa anakuja mzee mmoja wa dini ya Buda, kipara, kavaa nguo ya manjano. Akamfundisha kukaa na kusikiliza pumzi yake. Akamfundisha na namna ya kutoka katika kukaa huko. Mama, kutoka ndiyo kazi, akaniambia. Ukiruka, utulivu wote unamwagika. Wewe unavyotua mtungi — unakunja magoti kwanza, unashika pembeni, unatua. Ni hivyo.

Na maji?

Simwombi mtu, mama. Wema nilioupata kwa kukaa naugawa. Kwa Mazengo, kwa Alphonce, kwako. Hata kwa Mjapani.

Kwa Mjapani! Na maji kazi yake nini? Akasema, ardhi inashuhudia tu.

Mh. Nimeandika alivyosema. Sijasema nimeamini.

Jumatano, 12 Juni

Nilimwomba aache mpaka harusi ipite. Jana hakukaa. Basi akaangusha kibuyu cha maziwa, akamfokea Dina aliyetuletea mlenda. Dina! Binti wa watu kaondoka bila kuaga.

Leo nikamwambia, haya kaa, ila maliza na Amina. Maji acha. Akasema, nikiinuka bila kugawa ni sawa na kula nimejifungia ndani. Wewe ndiye uliyenikataza hayo, mama.

Kweli nilimkataza. Katika nyumba hii hajawahi mtu kula kajifungia. Malezi yangu hayo, yamefika mpaka Bama!

Lakini bado nachungulia. Nasikiliza kama ataomba mvua, au mali, au mtu afe. Leo hakuomba kitu. Alitaja majina tu — na la Rahabu! Anampa wema Rahabu! Hapo nilitaka kumnyang'anya kikombe.

Alhamisi, 13 Juni

Dina amekuja. Shikamoo, mama. Marahaba, nikamtazama mikono, nikidhani karudisha zawadi zetu. Hapana, katumwa. Baba yake anataka kuona kwa macho yake, Simeoni akikaa na akiinuka, na Simeoni asiambiwe. Likitajwa jina la mfu juu ya maji, ndoa hakuna.

Akaongeza kwa sauti ndogo: mama, na asipomwaga, atatetemeka tena? Anamwonea huruma, au naye anampima? Simjui bado huyu.

Nimekaa na kikombe mapajani. Nikikificha, Simeoni atainuka vibaya, atetemeke mbele ya wakwe. Nikikiacha, Lazaro atayasikia yale majina.

Asiambiwe! Mimi ni mama wa Simeoni, siyo mama wa Lazaro. Nimemwambia mwanangu yote. Akafikiri, akasema, basi na Mzee Lazaro nitamtaja. Sijui kama alikuwa anatania. Tangu Bama uso wake hausomeki.

Jioni nimetoka kisimani. Kutua mtungi nimekunja magoti kwanza, nimeshika pembeni. Halikumwagika tone. Siku zote natua hivyo, sikuwahi kujitazama.

Nimekisugua kikombe kwa majivu mpaka kinang'aa. Maji nitayatia mimi mwenyewe. Kama ni kuona, waone na mkono wangu.

Rahabu kapita sasa hivi kuuliza kama aje na kigoda chake. Hakuna aliyemwalika! Anasema Lazaro kawaita wazee wenzake, na mke wake, na Dina, waje kutazama. Jumamosi alfajiri wanakuja wote.