Bi Manyoya Amekula

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili asubuhi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Salamu zangu ni nyingi, usizimalize zote kwa siku moja. U mzima? Mgongo umepona, au bado huko hospitalini wanakupa wagonjwa wazito kuliko wewe uwageuze? Sisi huku wazima. Mama mzima, mimi mzima na nimezidi kupendeza, atakayekuambia vingine ana wivu. Na yule unayetaka habari zake kuliko zetu, buibui wako Bi Manyoya, mzima pia. Amekula. Haya, vuta pumzi ndiyo uendelee kusoma.

Sijasahau ulichosema siku ya kuondoka: "Akifa huyu, usinipigie simu. Sina mdogo." Kwa hiyo kila ulipouliza anaendeleaje nami nikakwambia mtandao unakatakata, mtandao ulikuwa safi kabisa. Niliogopa kukosa dada.

Ilikuwa hivi. Ulipotoa mguu tu, Mama akaamuru boksi la kioo likae sebuleni chini ya taa, na taa isizimwe mchana wala usiku. Si mapenzi hayo. Alisema mdudu wa miguu minane sharti amwone alipo, asije akamkuta kwenye mto. Bi Manyoya akajikunyata nyuma ya kipande chake cha gome, hatoki. Nikimtilia nyenje, nyenje anampanda mgongoni na kushuka upande wa pili kama anakatiza uwanja. Tumbo likasinyaa kama zabibu kavu. Mpaka Mama, ambaye hampendi, akaanza kuniuliza chinichini kama hakuna dawa.

Jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima. Mama akapanda kiti na mwavuli wake mkononi, tayari kwa vita. Nikawasha tochi ya simu, nikaiziba kwa kidole ibaki kamwanga tu, nikachungulia. Katoka! Anatembea kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Kumbe wenzetu hawa siku yao huanza giza likiingia, na sisi tulikuwa tumemnyima usiku. Sasa angekula saa ngapi?

Umeme uliporudi, taa ya boksi nikaizima, Mama akanuna. Lakini furaha yangu ikawa nusu, maana mwezi huu baridi inauma na ile taa ndiyo ilikuwa inamtia joto. Akawa anatoka, sawa, ila polepole kama mzee anayetafuta miwani. Anamgusa nyenje, anamwacha. Baridi ilimlegeza mpaka njaa yenyewe ikalala.

Hapo ndipo mdogo wako alipoonyesha ufundi. Ulinicheka nilipoacha shule nikaenda kujifunza kutengeneza friji, ukasema nitazeeka kwenye baridi. Nikuulize basi, msomi: joto ambalo friji linalitoa ndani hulipeleka wapi? Nyuma. Mgongo wake unaweza kuatamia mayai. Nikagongomea rafu ukutani, juu kidogo ya friji letu bila kuligusa, kwa sababu friji hutetemeka na Bi Manyoya hataki kutetemeshwa. Nikapandisha boksi, nikaning'iniza kitambaa cheusi mbele. Kwa ajili ya Mama nikatia kikufuli, ufunguo nikamkabidhi yeye.

Jana jioni natoka kazini, nakuta jikoni giza. Nikanyoosha mkono kwenye swichi, mkono mwingine ukaudaka. Mama. Kasimama karibu na friji, kitambaa kakifunua pembeni, mwavuli kwapani.

"Acha taa," akaninong'oneza. "Mwenzio anakula."

Tukasimama palepale, bega kwa bega, tukisikiliza nyenje akitafunwa. Dada, sijawahi kufurahia kusikia mtu akila kiasi hicho.

Msalimie shemeji, na mjomba wangu mdogo wa meno mawili. Kama yameongezeka, yasalimie yote. Mama anakusalimu sana, ila anasema ukirudi umwone yeye kwanza, ufunguo wa boksi hatoi ovyo. Mungu akuweke penye joto, na giza la kutosha kupata usingizi.

Akupendaye, mdogo wako ambaye bado unaye,
Fundi