Nimealika Ghorofa ya Juu Twende Hurghada, Wamekubali

Bi Dawlat mpendwa, naomba msaada wako, na naomba haraka, maana hoteli imenishikia vyumba mpaka Jumamosi saa sita mchana tu, na mimi tangu jana sikai mahali pamoja, nacheka, nalia, halafu nafungua tena simu kuangalia picha ya bwawa.

Naitwa Yumna, nina miaka ishirini na tatu, nauza kava za simu hapa Mansoura, nakaa na wazazi wangu na mdogo wangu Loai, na juu yetu anakaa ami Shawqi, ndugu yake Baba, na mkewe Mama Karam na vijana wao wawili, na nyumba yetu ni ile ya milango wazi, sufuria inapanda ngazi, sahani inashuka. Kila kiangazi sisi wanane tunakodi fleti Ras el-Bar, fleti ile ile, jiko lile lile la gesi la macho manne, Baba anapapenda hapo hakuna mfano, anasema pale Nili inapoingia baharini ndipo na roho yake inapotulia, anacheza bao na ami kutwa nzima, sisi tunaogelea, na Mama anapika, Mama Karam anamsaidia.

Sasa sikiliza, Bi Dawlat. Mwaka jana siku ya nne, nasema ya nne, Mama ndiyo kwanza akatokea ufukweni, kabeba sufuria ya mahshi, yale majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, mikono inanukia kitunguu saumu, akasimama kando ya mwavuli wetu akaniuliza, "Yumna, hivi maji ni ya baridi au ya vuguvugu?" Siku ya nne! Nikamwambia vuguvugu, akasema alhamdulillahi, akarudi kugeuza samaki. Mimi nikabaki na mahshi mkononi, nikasema mwakani huyu mama hapiki, hata iweje hapiki.

Basi mwaka huu zamu yangu ya kupokea upatu wa dukani ikafika, nikaanza kutafuta hoteli Hurghada, kule Bahari ya Shamu. Nimetafuta mwezi mzima, nimejifunza mwenyewe, nimejua mpaka siku gani bei inapanda na siku gani inashuka, nimesoma maoni ya Warusi kwa kutafsiriwa na simu, mmoja kalalamika eti matikiti ni mengi mno, nikasema hapa hapa ndipo petu! Mwisho wa Septemba, wenye pesa wamesharudi kwao, vyuo bado, bei imelala chini. Siku tano, vyumba viwili, kwa sisi wanne, chakula chote ndani, wanakufunga bangili ya plastiki mkononi, unajipakulia, unakula, unarudi unajipakulia tena na hakuna anayekutazama vibaya. Nikamwambia Mama.

"Na vyombo anaosha nani?"

"Wao, Mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Akafikiri kidogo. "Maskini. Tuwapelekee mahshi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikatoka mbio niende kumwambia rafiki yangu, simu mkononi, bwawa limejaa kwenye kioo, na kwenye ngazi nikakutana na ami Shawqi anapanda na mikate. Sasa wewe unajua kwetu, mtu akikukuta na sandwichi hata umeshaiuma, lazima umwambie karibu, na yeye lazima aseme Mungu akuzidishie, kila mtu anaenda zake, ule mwaliko wa mwenye mashua, yuko katikati ya mto huko anampigia kelele aliye ukingoni aje wale. Basi nami nikasema.

"Ami! Tunakwenda Hurghada! Twendeni wote!"

"Mungu akufurahishe, binti yangu. Nendeni nyinyi."

Hapo ilitosha! Ningenyamaza hapo sasa hivi ningekuwa nanunua miwani ya jua. Lakini furaha ilinipanda kichwani.

"Hapana, ami, lazima!"

"Tutawabana bure."

"Wallahi bila nyinyi haina ladha!"

Mlango wa juu ukafunguka, Mama Karam huyo, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. "Ameapa! Shawqi, umesikia? Mtoto ameapa!"

"Nimesikia. Ameapa kwa adabu tu, mama we."

"Kiapo kina adabu gani? Yumna, huko kuna jiko?"

"Hakuna, mke wa ami."

"Hata dogo?"

"Hata la kuchemshia chai."

"Tunakuja," akasema, akafunga mlango.

Yaani mtu nimemwalika kwa mdomo tu, yeye tayari anauliza habari za jiko, anapanga mapishi! Jioni ami akashuka na karatasi, wanane, vyumba vinne, akapiga hesabu, akavua miwani. "Hata nikiuza meno haifiki," akasema. "Lakini kwa vile nia ni kuwa pamoja, turudi Ras el-Bar. Mchango wa Yumna utatosha, na mkono wa Mama Loai jikoni tunaujua."

"Si nilisema mimi, Ras el-Bar!" Baba akapiga paja.

Mama akasema, "Sawa, heri pamoja," akaenda kuloweka majani ya mzabibu. Hakununa, Bi Dawlat, angenuna ningejua la kufanya. Na Loai ananipita kwenye korido ananiambia, "Hongera, dada, umemrudisha Mama jikoni kwa kiapo."

Baba anasema mwaliko wa kiapo haurudishwi, nikiurudisha nimemvua nguo mbele ya ndugu yake. Nisipourudisha Mama atauliza tena maji yakoje. Nifanye nini? Niambie kabla ya Jumamosi, nakuomba.

Yumna, Mansoura

*

Yumna, kaa kitako kwanza. Weka simu chini. Sasa tuongee.

Nimecheka ulivyoandika, na hapo kwenye sufuria ya mahshi nimesoma mara mbili. Una moyo mzuri. Mdomo wako ndio unaotangulia miguu. Mara ya kwanza ulialika, heko, ndivyo tulivyolelewa. Mara ya pili, haya, umezidisha kidogo. Ya tatu na kiapo juu, kwenye ngazi, milango wazi? Nani alikutuma? Lakini hebu tukiangalie hicho kiapo, maana wenzako wamekitanua kama donge la unga. Uliapa kwamba bila wao haina ladha. Hukuapa kuwalipia. Hukuapa mlale hoteli moja. Wala hukuapa kwamba mama yako apike. Hilo la mwisho wameliongeza wenyewe.

Na sasa nikugombeze sawasawa. Umeniandikia juu ya mama yako mpaka nimemwona anavyosimama. Mke wa ami yako umempa neno moja: anamsaidia. Anamsaidia wapi, mwanangu? Si jikoni humo humo, siku zile zile nne? Huyo mwanamke alitoka mlangoni na povu mikononi. Hakuuliza bwawa, hakuuliza bahari, hakuuliza bei. Aliuliza kama kuna jiko. Ukamwambia hakuna, akakuuliza tena kuhakikisha, ndipo akasema tunakuja. Na wewe ukaona anapanga mapishi! Soma tena ulichoandika mwenyewe. Kwenye ngazi ile ami yako alikuwa anajibu mwaliko wa mdomo. Mkewe alikuwa ameona mlango, na akapita.

Na katika barua yote sikuona mahali ulipoinuka wewe ukaosha hata kijiko. Labda umesahau kuandika. Nitaamini umesahau.

Fanya hivi.

Leo hii piga simu hotelini. Vyumba viwili ulivyoshikiwa, rudisha kimoja, kile kingine waongeze kitanda cha tatu. Kitakachobaki kwenye pesa zako ni nauli, na kama kuna salio litie kwenye kodi ya fleti ya Ras el-Bar, ami yako asije akasema umekimbia. Usichukue chumba kinachotazama bahari. Bahari mtaifuata kwa miguu, ni bure. Uliza kama wanapokea wanawake watatu wasio na mwanamume, maana wengine wanaleta maneno mlangoni, na uliza kama mama zako wataruhusiwa bwawani na nguo za kuogelea za kufunika mwili. Majibu yote wakuletee kwa maandishi. Pandeni basi la mchana, vitambulisho mfukoni. Mahshi ni bakuli moja tu, la kula njiani. Mama yako akikuambia "na kama chakula chao kibaya?", mwambie Warusi wamelalamika kuzidishiwa.

Umeshaelewa ninapokwenda. Ras el-Bar iko pale pale. Fleti ikodiwe, tarehe zile zile. Baba yako anaipenda, ami yako anaipenda, bao linawangoja, na wavulana watatu wana mikono sita. Anayeshika mwiko mwaka mzima aende Hurghada. Anayeletewa sahani aende kwenye jiko la macho manne. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna mwaliko uliorudishwa, na wote mnasafiri siku moja.

Wewe unakwenda na kina mama kwa kuwa kuna mtu lazima awajazie sahani. Ni wewe huyo. Siku tano, asubuhi mchana jioni, wao wamekaa, wewe ndiye unayeinuka. Nikisikia umelala kwenye kiti cha bwawani wakati mama yako amesimama kwenye foleni ya mayai, usiniandikie tena.

Usimwambie mama yako faraghani, atakataa. Mwanamke aliyezoea kukataa ukimpa nafasi anaitumia. Panda ghorofa ya juu kesho asubuhi, umwambie Mama Karam kwanza. Yeye hatakataa, na hiyo kazi ya kumlainisha mama yako mwachie, ataifanya vizuri kuliko wewe na mimi.

Halafu ngoja Ijumaa, chakula cha mchana, wote wanane mezani. Waache wale washibe, chai isiwe imeletwa bado. Sema yote kwa mkupuo mmoja, kwa adabu, bila kuapa. Baba yako atakohoa. Loai atacheka, kisha ataacha kucheka. Ami yako atavua miwani na kuuliza, "Na sisi, nani atatupikia?"

Usimjibu, Yumna. Hata neno. Waangalie hao wanawake wawili wanavyotazamana, kisha shika simu, bonyeza kuthibitisha chumba.