Selotepu Nyekundu Kwenye Pipa la Presha

Shoga, uko wapi? Shika simu! Leo shemeji yangu atanitambua.

Lile pipa la presha ninalowekea bia ninayopika mwenyewe, si unajua lina vali juu ya kifuniko, gesi ikizidi itokee hapo, fyuuu? Wiki nzima huyu mdogo wa mume wangu analalamika eti pipa linamfyonya akiangalia mpira. LINAMFYONYA!

Leo baba mkwe kaja. Nafungua koki nimmiminie glasi moja tu, koki ikachomoka. Ikachomoka nzima! Bia ikampiga mzee kifuani, shati chapachapa, miwani huko. Kazi yangu ya wiki sita yote iko kwenye zulia.

Kuangalia vali, imezungushiwa selotepu nyekundu. Imezibwa kabisa!

Mzee anajifuta uso, anauliza, "Nani kaziba hapa?"

Yule mshenzi, macho makavu: "Si yeye? Pipa ni lake." Na kidole ananinyooshea. Mimi!

Mzee anakitazama kile kidole.

Shemeji alijikata jana jikoni, akakifunga mwenyewe.

Kwa selotepu nyekundu.