Siku Saba za Mzee Ngollo

Mtendeni, Tabora
14 Agosti 1957

Kwa Dada Getruda,

Shikamoo, Dada. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Ipole, na Mama naye ameanza kulala bila kukohoa. Mpe shikamoo yangu, na umwambie ile asali ilinifikia, ingawa Tobias aliyeileta aliionja njiani bila haya. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma.

Kazi ya maabara inaendelea. Daktari mpya ananifundisha mambo ya damu, nami itabidi nikueleze kidogo, maana bila hayo mengine hutayaelewa. Ndani ya damu, mbali na zile chembe nyekundu, mna nyingine ndogo mno, hata kwa darubini zinaonekana kama vumbi. Ukijikata, hizo ndizo zinazokimbilia jerahani, zikashikamana na kuziba. Daktari anasema zimebeba kitu mfano wa chachu. Damu ikitembea salama, chachu hiyo hutulizwa, kwani ingefanya kazi wakati wote damu ingeganda mishipani tukafa. Mshipa ukipasuka huamshwa, chembe zikaitana, damu ikasimama. Ni nini hasa kinachoituliza na kuiamsha, anasema hata huko kwao bado wanatafuta.

Mwezi wa sita aliniambia nijipime mwenyewe. Unachoma ndewe ya sikio, kisha kila nusu dakika unagusa damu kwa karatasi ya kunyonya, mpaka karatasi itoke safi. Yangu ilisimama kwa dakika tatu. Nikameza aspirini mbili asubuhi na mbili jioni, kwa siku mbili, nikapima tena: dakika saba. Nikaacha vidonge. Siku ya tatu bado ilikuwa sita, na siku ya nane ndipo ikarudi tatu. Daktari alikisia kwamba kidonge huifunga ile chachu moja kwa moja, na chembe iliyofungwa haifunguki tena, hadi mwili uzae nyingine. Yeye alifurahi sana. Mimi nilizihesabu siku hizo, nikamkumbuka Mzee Ngollo.

Unayakumbuka masharti ya baba mkwe wako. Mzee Ngollo hakukubali kumwumika, yaani kumchanja na kumtoa damu kwa pembe, mtu aliyemeza dawa ya hospitali mpaka zipite siku saba. Alikuwa akisema dawa hizo huilegeza damu. Nami, niliyetoka mafunzoni na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, nilikuwa namcheka mbele za watu, nasema saba ni hesabu ya waganga.

Kifo cha Baba unakijua kama kila mtu anavyokijua. Kichwa kilimtesa wiki mbili, akaitwa Mzee Ngollo kutoka Bukene, akamchanja kisogoni na kwenye panja, akabandika pembe zake. Damu ikakataa kusimama. Ilitoka mchana kutwa, na lori la kumpeleka mjini lilipopatikana Baba alikuwa amekwisha kata roho. Kwenye matanga baba wadogo waliniuliza mimi, mtu wa hospitali, imekuwaje. Nikawajibu kwamba Mzee Ngollo alikata mshipa mkubwa. Neno hilo ndilo lililokutoa kwa mumeo. Walikufuata Bukene wakakurudisha, wakakataza jina la Sylvester lisitajwe nyumbani, na mwanao Eustadia, asiyetimiza hata miaka miwili, akazuiwa na ukoo wa baba yake.

Juma lililopita Sylvester alimleta Eustadia hospitalini, jicho linamsumbua. Ana miaka sita sasa, na anatembea kwa madaha kama wewe. Nilimwuliza mama yake yuko wapi. Akaniamkia kwanza, kisha akasema kwa adabu kwamba mama yake alifariki Ipole na kwamba humwombea kila Jumapili. Sylvester akamtoa nje. Tulipobaki wawili alisema mtoto alilia miezi mingi akikutafuta, naye akaona afadhali aamini umekufa kuliko aamini uko hai na hutaki kuja.

Dada, Mzee Ngollo hakukata mshipa wowote. Wiki nzima kabla hajachanjwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpa Baba aspirini, nikamwomba asimwambie mtu. Asubuhi ile, kabla hajafungua mfuko wake, Mzee Ngollo aliniita kando akaniuliza kama Baba amemeza dawa yoyote ya kwetu. Nikamwambia hajameza hata punje. Niliona aibu kukiri kwamba vidonge vyangu vimeshindwa na kwamba pembe yake ndiyo inayongojewa. Daktari anasema hakuna awezaye kuapa kwamba ni aspirini iliyomwua. Haidhuru. Mzee angejua, asingemchanja.

Nilimwuliza Sylvester kwa nini mzee hakusema matangani kwamba aliniuliza. Akanijibu kwamba nyumbani kwao alisema, ila akawakataza wasilitoe nje, kwa kuwa kijana hawezi kumzika baba yake na siku hiyo hiyo kuambiwa ndiye aliyemwua. Pembe zake alizitupa. Watu wa Bukene humpita bila salamu. Alinistahi mimi, Dada, nami miaka minne nilikuwa nakuona ukinyauka hapo nyumbani, nikila na kulala. Najichukia, wala sikuombi unisamehe.

Nimeandika kwa Kiswahili na si kwa Kinyamwezi chetu ili Katekista Anton, asiyejua lugha yetu, awasomee baba wadogo baada ya misa, watu wote wakiwapo. Asiruke mstari hata mmoja. Nimekwisha mweleza daktari kwamba vidonge nilivyompa Baba nilivichukua hospitalini bila ruhusa, nangoja uamuzi wake.

Wewe nenda Bukene. Sylvester hajaoa mwingine. Msalimie kwanza Mzee Ngollo kwa magoti. Kwa Eustadia nenda polepole, usimkimbilie wala usimkumbatie siku ya kwanza, maana hata picha yako hawana, na atakuogopa.

Salamu zangu ziwafikie wote watakaozitaka wakishasomewa haya.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,

Raymundi