Hakukuwa Sumu mu Sombe ya Mama Florentine

Mama mushauri mupendwa, naomba unisaidie, mi nauza bitenge hapa Baraka, na moyo yangu inajaa furaha na haya pamoja. Nilikuwa nafikisha kilo mia moja na makumi tatu, magoti inauma, sukari inapanda, basi dada yangu wa Dar es Salaam akaniita kule nikafanyiwa opération ya kupunguza tumbo, na mi na bwana yangu Bonaventure tukaficha, juu hapa kwetu nani atasikia kama muntu anajikondesha makusudi asicheke?

Nilirudi muzuri, lakini kisha mwezi moja nikaanza kutapika, hata maji haipite, na ilianza siku ile jirani yetu Mama Florentine alituletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mama mukwe akapiga kelele, "Bamemulisha sumu!", akaninywesha dawa ya kutapisha mupaka damu ikatoka, na mi, Mama, nikaficha ile opération. Bonaventure akanirudisha Dar, baganga ba hopitali bakaona pale balishona tumbo pamekuwa padogo sana, bakanilalisha, bakapitisha mupira mwembamba mu kinywa, bakajaza ballon, puto kidogo, pale ndani papanuke, mara mbili, bila kisu! Leo nakula, Mungu asifiwe, nalia nikiona sahani. Jumapili kanisa inanifanyia ibada ya shukrani eti nilishinda sumu, na Mama Florentine, hakuna mwenye ananunua chakula yake tena, jana aliniona akavuka barabara. Nikisema kweli batanicheka. Nifanye nini?

Mama Vainqueur, Baraka

Mama Vainqueur, pole sana, na hongera! Nimefurahi na weye, kweli. Lakini ngoja nikugombeze kidogo. Unashukuru Mungu, unashukuru baganga, na ule mama mwenye analipa uongo yako kila siku, yeye utamushukuru na nini? Unaogopa kuchekwa? Acha bakucheke! Batacheka siku tatu, kisha batakuuliza ile hopitali iko wapi.

Mbele ya Jumapili, mushana, bantu bakiona, uende kwake na bwana yako na mama mukwe. Muombe musamaha, musijitetee. Mu kanisa useme yote: opération, pale balishona palivyojifunga, ballon. Ile dawa ya kutapisha imwagwe leo, mama yangu, ilikaribia kukupasua ndani! Mama mukwe apewe numero ya muganga wako. Ukitapika tena, ao tumbo iume, ao homa ipande, mumuite palepale, musitafute mulozi wa kusema eti alikuroga. Kula pole pole, tafuna sana, na siku ya kupimwa usikose.

Na chakula ya sherehe, muombe Mama Florentine apike sombe. Akikubali, simama mbele ya kanisa yote, yeye mwenyewe akupakulie. Bijiko bitatu tu, juu tumbo yako haiwezi zaidi. Lakini umeze, bantu bote bakiangalia.